Mwizi wa Sayari ya Profesa

Kabati lilikuwa wazi, na ndani hamkuwa na kitu.

Halikuvunjwa. Mlango wake wa chuma ulikuwa umefunguliwa kwa ufunguo, kisha ukaegeshwa taratibu. Mle ambamo jana yake diski ngumu zilikuwa zikimetameta taa za kijani, zilibaki nyaya tu, zinaning'inia. Juu ya kabati palikuwa na kisahani cha chai, na ndani ya kisahani skrubu zote zilizofunguliwa zilikuwa zimekusanywa. Hakuna hata moja iliyodondoka sakafuni.

Inspekta alikitazama kile kisahani kwa muda mrefu kuliko alivyolitazama kabati.

"Mwizi mwenye adabu," alisema.

Alikuwa mwanamke wa makamo, mfupi, mwenye sauti ya chini. Kwenye kituo chake cha polisi walimpachika jina la Mama Ehe, kwa sababu katika mahojiano alikuwa na silaha moja tu. Mtu akimaliza kusema, yeye humtazama na kusema, "Ehe?" Kisha hunyamaza. Watu hawapendi kimya. Wengi hukijaza kwa maneno ambayo hawakukusudia kuyatoa.

"Afande, alama za vidole ziko tele," alisema Koplo, kijana aliyepelekwa kitengo cha makosa ya mtandao kwa sababu alikuwa akizitengeneza kompyuta za kituo bila kuombwa. "Ila ni za watu wanaofanya kazi humu. Na kuna jambo jingine. Kompyuta hazikuguswa. Programu zote zipo. Mwizi kabeba data peke yake."

"Data ni nini hasa?"

"Ni vile vipimo vyenyewe, afande. Programu ni kama kinu. Data ni nafaka. Huyu kaacha kinu, kabeba nafaka."

Kituo kile cha kuchunguza anga kilikuwa na jengo moja la ghorofa moja, ukumbi mrefu unaonuka rangi mpya, na nje, sahani kubwa ya chuma iliyoelekezwa juu kunasa mawimbi ya redio kutoka kwenye nyota. Wafanyakazi wote walikuwa wamesimama ukumbini kama watu waliofiwa. Katikati yao, kwenye kiti, alikaa mzee mwenye nywele nyeupe na koti lililopauka viwikoni. Huyo ndiye Profesa.

Inspekta alimnyoshea mkono. Profesa naye alinyosha wake, lakini ukapita kidogo pembeni, ikabidi Inspekta aufuate.

"Pole sana, Profesa."

"Nimeshapoa, mwanangu. Miaka yangu kumi na miwili ilikuwa ndani ya lile kabati."

"Hakuna nakala?"

"Nakala zilikuwa rafu ya chini. Kila mwaka tunaomba mahali pengine pa kuziweka. Kila mwaka tunaambiwa tusubiri."

"Ufunguo anao nani?"

"Mimi." Akapapasa mfuko wa koti, akautoa. "Huu hapa. Hautoki mfukoni mwangu. Na mwingine anao fundi wetu."

"Ehe?"

Profesa akavuta pumzi. Kisha akaeleza, na kadiri alivyoeleza ndivyo mgongo wake ulivyonyooka. Kulikuwa na nyota moja, mbali mno, ambayo haing'ari tu bali inadunda. Inatoa mapigo ya redio, moja baada ya jingine, kwa mpangilio mkali kuliko wa saa yoyote. Wao walikuwa wakiyarekodi mapigo hayo. Programu zao ziliyapanga, zikayasafisha, zikayachora. Na mchoro ulionyesha kwamba mapigo yanawahi kidogo, kisha yanachelewa kidogo, yanawahi tena, kama wimbi.

"Maana yake kuna kitu kinaizunguka ile nyota na kuivutavuta," alisema Profesa. "Sayari. Alhamisi wataalamu kutoka nje wanakuja kuhakiki data yetu. Ijumaa tulikuwa tutangaze."

"Sayari hiyo inazunguka kwa muda gani?"

Profesa akatabasamu. "Hapo ndipo raha ilipo. Mwaka wake ni sawa na wetu."

"Sawa, au karibu sawa?"

"Sawa."

Inspekta hakujua chochote kuhusu nyota, lakini alijua jambo moja kuhusu maelezo ya mashahidi. Yanapolingana kupita kiasi, kuna mtu wa tatu nyuma yao.

"Hilo halikukutia wasiwasi?"

"Lilinitia. Nikaikagua namba mwenyewe, kwa macho yangu, mara mbili."

Nyuma ya kiti chake, mwanamke kijana mwenye vipokea sauti vya masikioni shingoni aliinamisha kichwa. Huyo walimwita Mchambuzi. Ndiye aliyeandika sehemu kubwa ya programu za kituo. Inspekta aliuona ule mwinamo, akauweka moyoni.

*

Fundi wa mitambo aliitwa Spana, na hakuna aliyekumbuka jina lake jingine. Alikuwa na ufunguo. Alikuwa na bisibisi. Wiki iliyopita alikuwa amegombana na Profesa kuhusu feni ya chumba cha data. Na bawabu alimwona jana yake akitoka na mkoba mzito kiasi cha kuinama upande.

"Mkoba ulikuwa na nini?" aliuliza Inspekta. Walikaa katika chumba kidogo cha mikutano, Koplo akiandika.

"Vitu vyangu."

"Vitu gani?"

"Vya kwangu."

"Ehe?"

Spana akafumba mdomo. Dakika zikapita. Alikuwa mtu wa kwanza kwa miaka mingi kulishinda lile "Ehe".

"Ndugu yangu," alisema Inspekta, "unanipa kazi nyepesi na wewe unajitwika nzito. Niambie ulibeba nini, uende zako."

"Afande, kama ni kunifunga, nifunge. Siwezi kusema mbele ya huyu kijana. Atacheka."

Koplo akainua kichwa. "Mimi?"

"Una sura ya kucheka."

Hawakuwa na la kufanya. Spana alipelekwa mahabusu, akijipapasa mifuko kama mtu anayehofia kusahau kitu safarini. Ukumbini alipita mbele ya wenzake. Mchambuzi alipomwona na pingu, vipokea sauti vilimponyoka mkononi, vikaanguka.

*

Kesho yake asubuhi Koplo aliingia ofisini kwa Inspekta na kompyuta yake mkononi, macho yamewiva kwa kusoma.

"Afande, nimekisoma kile kinu."

"Ehe?"

"Usinifanyie hivyo, afande. Mimi si mtuhumiwa, nitasema yote." Akaiweka kompyuta mezani. "Tuchukulie mtu anapiga ngoma mbali, wewe unazunguka uwanja mbio. Ukimkaribia, mapigo yanakuwahi. Ukimwacha, yanachelewa. Mpiga ngoma hajabadilisha kitu. Ni wewe unayekimbia. Sawa?"

"Sawa."

"Sisi ndio tunakimbia. Dunia inalizunguka jua, kwa mwaka mmoja. Kwa hiyo mapigo ya nyota yoyote yatawahi na kuchelewa kwa mwaka mmoja. Programu yao inajua hilo, inalisahihisha. Lakini ili isahihishe vizuri, lazima iambiwe nyota iko upande gani hasa. Anwani yake. Nimekwenda kwenye orodha ya kimataifa ya nyota, iko wazi kwa kila mtu. Nikalinganisha."

Akageuza kioo. Kulikuwa na mistari miwili ya tarakimu, mmoja juu ya mwingine. Inspekta alipitisha kidole. Katikati, mstari wa juu ulikuwa na sita. Wa chini ulikuwa na nane.

"Wa chini ni wa Profesa?"

"Wa chini ni wa Profesa. Tarakimu moja, afande. Nikaandika programu fupi, nikaiuliza hivi: ukikosea anwani kwa kiasi hiki, linabaki wimbi gani? Ikanichorea hili." Alibonyeza, na wimbi jekundu likajitandaza. "Na hili la buluu ndilo la Profesa, kutoka kwenye mchoro wao."

Mawimbi mawili yalilaliana. Jekundu lilifunika buluu kabisa.

Inspekta aliegemea kiti. "Kwa hiyo hakuna sayari."

"Sayari ipo, afande. Ni hii tunayoikanyaga."

Kisha akasema kwa sauti nyingine, "Asante kwa kuniachia kazi hii. Mkuu aliyepita alikuwa ananituma kununua wino wa mashine ya kuchapa."

"Usinishukuru bado. Nani alilijua kosa hili kabla yetu?"

Hilo ndilo lilikuwa swali. Wahakiki wangefika Alhamisi. Wangefungua data, wangeingiza anwani sahihi, na wimbi lingefutika mbele ya kila mtu. Data ikiwa haipo, hakuna uhakiki. Hakuna uhakiki, hakuna tangazo. Na hakuna aibu. Kila mtu angemwambia Profesa pole, na kesi ingeishia hapo.

"Aliyeiba ni yule ambaye aibu ingemwangukia," alisema Koplo.

"Inaonekana hivyo," alisema Inspekta, lakini alikuwa akiukumbuka ule mkono uliopita pembeni.

*

Walimkuta Profesa ofisini kwake, kwenye kiti, mikono magotini, mbele ya kioo cha kompyuta kilichozimwa. Inspekta alimpa karatasi yenye mistari miwili ya tarakimu, zilizochapwa kwa ukubwa wa kawaida wa kitabu.

"Profesa, nisomee, tafadhali."

"Hii ni anwani ya nyota yangu."

"Nisomee hata hivyo."

Mzee aliileta karatasi karibu na pua. Akaipeleka mbali. Akaigeuzia dirishani. Kisha akasoma mstari wa juu, tarakimu moja baada ya nyingine, bila kusita. Alipofika katikati, alisema, "Nane." Akasoma mstari wa chini. Katikati akasema tena, "Nane." Akaiweka karatasi chini. "Ni mstari uleule mara mbili. Kuna nini?"

Koplo aligeuka kutazama ukuta.

"Hakuna kitu, Profesa," alisema Inspekta. "Asante."

Nje ya mlango, Koplo alinong'ona, "Haoni, afande."

"Haoni. Na asiyeona kosa haibi ili kulificha."

"Basi ni nani?"

"Mtu anayejua kwamba haoni."

*

Mchambuzi alikuwa nyuma ya jengo, penye kivuli cha sahani kubwa, ameketi juu ya kreti tupu. Hakuinuka. Inspekta aliketi juu ya kreti jingine.

"Unaishi wapi, mdogo wangu?"

"Kwa Profesa. Chumba cha nyuma."

"Tangu lini?"

"Tangu nikiwa mdogo. Baba yangu alikuwa dereva wa kituo hiki. Alipofariki, Profesa na mkewe walikuja msibani, na walipoondoka waliondoka na mimi. Hawakujaliwa watoto." Alisema hayo harakaharaka. "Kompyuta yangu ya kwanza, Mama aliuza cherehani yake ili niipate. Alikuwa fundi nguo. Akanambia cherehani inamuumiza mgongo. Ilikuwa uongo."

"Ehe?"

Mchambuzi akatazama mikono yake.

"Spana bado yuko mahabusu," alisema Inspekta. "Amekataa kusema mkoba ulikuwa na nini. Leo mchana nitampeleka kwa mwendesha mashtaka."

"Ulikuwa na kodiani."

"Nini?"

"Kodiani, Inspekta. Anajifunza kuipiga, kwenye chumba cha pampu. Mkewe alimwambia achague, yeye au kile kinanda. Sote tunajua, ila tunajifanya hatujui, maana anaona haya." Machozi yalianza kumtoka. "Muachieni. Hana kosa. Mimi ndiye niliyezifungua zile diski. Nilidhani mtatafuta mtu wa nje. Sikufikiria kwamba mtamkamata mtu wetu."

"Nani alikupa ufunguo?"

Hapo akanyamaza. Na kimya chake kilikuwa cha aina nyingine. Hakikuwa cha kujikinga. Kilikuwa cha kumkinga mtu.

"Ziko wapi?" aliuliza Inspekta kwa upole.

"Nyumbani."

Inspekta aliinuka, akampigia simu ofisa wa zamu wa kituo cha polisi: yule fundi aachiwe mara moja, na apewe chai. Kisha akamwambia Koplo awashe gari.

*

Nyumba ya Profesa ilikuwa ndogo, yenye ua uliofagiwa na mlango unaokwama mpaka uusukume kwa bega. Katika chumba cha mbele, kitanda kilikuwa kimesogezwa dirishani ili mgonjwa aone njia. Aliyelala hapo alikuwa mwanamke mwembamba sana, moyo wake umechoka, miguu imevimba. Macho yake, hata hivyo, hayakuwa na ugonjwa wowote.

"Karibuni," alisema. "Nilikuwa nawategemea jana. Mmechelewa."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hivyo vitu viko chini ya kitanda. Mwambie huyo kijana ainame, mimi siwezi."

Koplo aliinama, akavuta sanduku. Diski zilikuwa humo zote, kila moja imevishwa foronya yake, zikiwa zimepangwa kama mayai.

"Mama, usiseme kitu," alisema Mchambuzi. "Inspekta, niliiba mimi."

"Nyamaza, binti." Mgonjwa alijiinua kwa viwiko. "Tangu niugue sijafanya kazi yoyote. Hii ni ya kwanza, usininyang'anye. Inspekta, andika. Mwizi ni mimi. Ufunguo niliutoa mfukoni mwa koti la mume wangu, alilolitundika hapa kitandani akiwa bafuni, nikaurudisha kabla hajauhitaji. Huyu nilimtuma, akanitii kama anavyonitii siku zote."

"Kwa nini, mama?"

"Una mume?"

"Ninaye."

"Anakutunza?"

Inspekta alifikiri. "Anajitahidi."

"Wangu ananibeba. Ananiogesha, ananigeuza, ananichana nywele. Mzee wa nyota zake huyo, aliyekuwa hajui hata kijiko kinakaa wapi. Alfajiri anaamka ananichemshia chai. Siku moja chai ikaja na chumvi."

"Ukamwambia?"

"Nikainywa. Kesho yake tena, chumvi. Nikainywa wiki nzima. Mtu kakuchemshia chai kwa mikono yake, utamwambiaje? Ndipo nikajua macho yameondoka. Nikamwomba binti abandike karatasi nyekundu kwenye kopo la sukari. Jioni ananisomea gazeti. Inspekta, gazeti lenyewe amelishika juu chini. Habari zote anazitunga kichwani mwake. Nazipenda kuliko za kweli."

Koplo akakohoa ili asicheke, kisha akapangusa jicho.

"Halafu wiki iliyopita huyu mtoto akaingia hapa analia," aliendelea yule mama. "Akasema, Mama, sayari haipo. Namba ilisomwa vibaya. Na wageni wanakuja kuifunua mbele ya dunia nzima. Nikamuuliza, huwezi kumwambia? Akasema amefika mlangoni kwake mara nyingi, na kila mara Mzee anaanza kumsimulia jina atakaloipa hiyo sayari."

"Jina gani?"

"Langu," alisema mama. Kwa mara ya kwanza sauti yake ilitikisika. "Maisha yake yote ametutendea wema, mimi na huyu. Sisi hatujawahi kumlipa chochote. Nikaona ni heri aibiwe kuliko aaibike. Mtu aliyeibiwa watu humpa pole. Nikasema, binti, zilete hapa, nitazilalia."

Sakafu ya ukumbini ililia. Wote wakageuka.

Profesa alikuwa amesimama mlangoni, mkono mmoja ukutani. Bawabu wa kituo alikuwa amemleta baada ya kuliona gari la polisi likiondoka na Mchambuzi. Hakuna aliyejua amesimama pale tangu lini.

"Kwa hiyo," alisema polepole, "ile habari ya mbuzi aliyefuata mazishi ya mwenye duka, hukuiamini?"

"Hata neno moja."

"Na ulicheka mpaka ukakohoa."

"Ilikuwa nzuri."

Mzee aliingia, akipapasa, mpaka akaukuta mwisho wa kitanda, akaketi. Inspekta alikuwa ameshawaona watu wengi wakipokea habari za kuwavunja, na alijua dakika hiyo haisaidiwi na mtu.

"Namba ilikuwa ngapi, binti?" aliuliza mwishowe.

"Sita, Mzee."

"Nami nilisoma nane."

"Nane."

"Na ukiweka sita?"

Mchambuzi aligeukia dirisha. Koplo alimjibia, kwa heshima, "Wimbi linaondoka, Profesa."

"Lote?"

"Lote."

Profesa akatikisa kichwa juu chini mara kadhaa. Kisha mabega yake yakaanza kutetemeka, na Inspekta akadhani analia. Hakuwa analia tu. Alikuwa anacheka pia, vyote pamoja, kama mtu aliyevutwa nyuma wakati gari linapita mbele ya pua yake.

"Ijumaa ningesimama mbele ya watu wote," alisema. "Ningewaambia nimegundua sayari, kumbe nimegundua nyumbani kwetu. Mngeniacha nifanye hivyo?" Akanyosha mkono hewani, na safari hii Mchambuzi aliupokea kabla haujapotea. "Nimefundisha miaka yote hiyo, nikiomba nipate mwanafunzi atakayeona kosa langu. Nimempata. Ila nilikuwa sijamfundisha kwamba anaruhusiwa kuniambia. Hilo kosa ni langu, na ni kubwa kuliko la namba." Akamgeukia mkewe. "Na mimi nawaficha kwamba sioni, kama kwamba nyinyi hamna macho. Nilijua ikijulikana, kituoni watanistaafisha, na nikistaafu sitakuwa na cha kukusimulia jioni. Inspekta, kama kuna mtu wa kufungwa humu ndani, anza na mimi."

"Sina pingu za kutosha," alisema Inspekta.

*

Sheria hata hivyo ni sheria, na Inspekta hakuichezea. Alichukua maelezo ya wote watatu. Diski zilisajiliwa kama vielelezo, zikapelekwa kituo cha anga chini ya ulinzi wa Koplo ili kuhakikiwa, maana ndiyo njia pekee ya kujua kama zimeharibika.

Kabla ya yote, Mchambuzi alipelekwa kwa Spana. Alimkuta kwenye benchi la kituo cha polisi, kikombe mkononi.

"Nisamehe, kaka. Nilikuona unapelekwa na pingu nikanyamaza."

Spana alimtazama kwa muda. "Usiku kucha mbu wamenila. Nitakusamehe. Ila chai yangu ya mwezi huu ni juu yako, na siku nikipiga kodiani mbele ya watu, wewe unakaa mstari wa mbele."

Inspekta naye alimwomba radhi, kwa maneno ya wazi, mbele ya askari waliomkamata. Spana alisema hajawahi kuombwa radhi na mtu mwenye kofia.

Alhamisi wataalamu kutoka nje walifika. Profesa hakuwaacha wafungue mabegi yao. Aliwakalisha, akawaeleza kila kitu mwenyewe: macho, namba, diski chini ya kitanda. Kisha akamwambia Mchambuzi aendeshe programu. Mchambuzi alifuta nane, akaandika sita, akabonyeza. Data ya miaka yote ilianza kupita, mstari baada ya mstari, huku Koplo akiangalia begani kwake.

"Mchoro umenyooka?" aliuliza Profesa.

"Umenyooka, Mzee."

"Kama nini?"

"Kama uzi wa Mama ukivutwa."

Mkuu wa wale wageni aliinuka, akaenda kumpa Mchambuzi mkono, kisha akashika wa Profesa kwa mikono yake yote miwili. Alisema amehakiki kazi nyingi, na kwa nyingi kati ya zilizokuwa na makosa alifukuzwa mlangoni. Aliomba jina la Mchambuzi liandikwe juu ya taarifa ya masahihisho. Profesa alisema lilikuwa limeshaandikwa.

Uongozi wa kituo uliondoa malalamiko. Mchambuzi alipewa onyo kali na adhabu ya kukagua upya kila tarakimu ambayo Profesa aliiingiza tangu macho yaanze kumsaliti. Mwendesha mashtaka alisoma maelezo ya mama mgonjwa, akavua miwani, akasema hana nguvu ya kumpeleka mahakamani mtu anayelalia ushahidi kwa ajili ya mumewe. Kesi ikafungwa.

Inspekta alilifunga jalada kwa mkono wake. Katika kabati lake yalikuwa yamejaa majalada ya watu walioibiana kwa chuki, kwa tamaa, kwa kisasi. Jioni ile alifika nyumbani mapema, akamwambia mumewe asante. Mumewe akauliza, ya nini? Akamjibu, basi tu.

*

Ilikuwa ni mwezi na siku kadhaa baadaye alipokwenda kurudisha zile foronya, maana nazo zilikuwa vielelezo. Mlango ulikwama, akausukuma kwa bega.

Profesa alikuwa amerudi kutoka hospitali asubuhi ile. Daktari wa macho alikuwa amemwambia kwamba ugonjwa wake ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, na kwamba angekuja mapema angetibiwa mapema. "Fikiria," alikuwa akiwaambia watu wote, "miaka yote tunaomba mtoto, kumbe ninao mapacha na siwataki." Jicho la kwanza lilikuwa limeshapasuliwa. Bandeji ilikuwa itolewe nyumbani, na alikataa itolewe mahali pengine popote ila pembeni mwa kile kitanda.

Mchambuzi ndiye aliyeitoa, taratibu, huku amejiuma mdomo.

Mzee alipepesa jicho. Akapangusa chozi la dawa. Akamtazama kwanza aliyekuwa karibu.

"Mbona umekonda hivyo, binti?"

"Nilikuwa mwizi, Mzee. Ni kazi ngumu."

Kisha akageuka kitandani. Alimtazama mkewe muda mrefu: paji la uso, mikunjo kando ya macho, nywele alizozichana kila siku bila kuziona. Yule mama alivuta shuka mpaka kidevuni kama bibi harusi.

"Kumbe umezeeka hivi!" alisema Profesa.

"Ulidhani unaishi na nani?"

"Sijui. Kwa miaka miwili nimekuwa naiogesha sauti." Akausogeza uso wake karibu, bila kupapasa. "Asante kwa kunisubiri."

Inspekta aliziweka foronya juu ya kiti, zikiwa zimefuliwa na kupigwa pasi, akatoka bila kuaga.